Kitenge cha Ta Byabato

Jumanne. Mvua imekatika mchana, migomba bado inadondosha maji, na mimi nimekaa jikoni naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Moyo wangu leo si mzuri. Nawaambia ninyi mnaosoma hapa kwa sababu kwa padri bado sijaenda.

Nataka kulipiza kisasi.

Uchaguzi uliopita nilikuwa wakala wa chama chetu. Kura zilipokaribia kuhesabiwa, Ta Byabato, mwenyekiti wa kitongoji chetu aliyekuwa anatetea kiti chake kwa chama kile kingine, akaingia kituoni na mgambo. Akanionyesha kidole. "Mama huyu simtambui. Mtoeni."

Hanitambui! Mimi niliyemshika binti yake Adela siku ya ubatizo, akanililia begani mpaka blauzi ikalowa!

Mgambo akanivuta, nikakataa, akavuta kitenge. Kikafunguka. Nikabaki na gauni la ndani mbele ya watu, na kati ya watu hao alikuwamo mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa. Akageuka haraka akatazama ukuta.

Kwetu Karagwe sihitaji kueleza. Kwa mnaosoma mkiwa mbali: mkwe hatakiwi kumwona mama mkwe hata goti. Tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Sukari anatuma, salamu anatuma, mwenyewe haji.

Kura zikahesabiwa sisi tukiwa nje. Byabato akashinda.

Viongozi wetu wakasema tuwe wastaarabu. Wakapeleka malalamiko wilayani, wakaambiwa wasubiri. Watu wastaarabu wanajua kusubiri, jamani.

Basi juzi baada ya misa tukakaa kikao cha tawi uani kwa katibu wetu, Ma Justa. Ijumaa hii Byabato anamuaga Adela, anaolewa. Ma Justa akasimama, akajifunga khanga kiunoni. "Hakuna mwanamke wa chama atakayemenya ndizi kwa Byabato. Kuni hatupeleki, maji hatuteki. Tuone kama mgambo wake wanajua kushika kisu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wetu wa tawi, mwalimu mstaafu, hakucheka. Akasema, "Tukifanya hivyo, tutakuwa na tofauti gani nao?"

"Mwalimu, shikamoo yako iko palepale," Ma Justa akamjibu, "lakini wewe umekuwa tofauti nao miaka yote, na miaka yote tumeshindwa."

"Na nyama je?" akauliza Ta Petro kutoka nyuma. "Nayo tunaisusa?"

"Utainusa ukiwa kwako!"

Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Nikaongeza kwamba hata u-mama wa ubatizo nauweka kando, Adela atafute mwingine. Nilirudi nyumbani naimba.

Sherehe isiyo na wanawake wa kumenya ni aibu ambayo hata wajukuu watasimuliwa. Nilikuwa namuona Byabato katikati ya mikungu mibichi, wageni wanafika, na utamu wa aibu yake nikausikia mdomoni kama asali.

Leo asubuhi Adela akaja.

Alipiga magoti kwenye tope la mlangoni. "Shikamoo, Mama." Nikaitikia kwa shida. Sikumpa kiti, wala kahawa ya kutafuna, na mgeni kwetu hakosi kahawa.

"Baba amenikataza kuja," akasema. "Lakini nimekuja. Mama, ni kweli husimami na mimi?"

"Kamuulize baba yako kama ananitambua."

Akachezea ncha ya khanga, akasema taratibu, "Na kura yangu ilikuwa mle ndani, Mama. Niliwapigia ninyi."

Nilikaa chini.

Kumbe tulikuwa tunajiandaa kumwadhibu mpiga kura wetu. Byabato alimwibia huyu mtoto kura yake, na mimi nilitaka kumwibia mara ya pili, siku yake ya kuagwa, tena nikiimba.

Msidhani hasira imeisha. Haijaisha. Bado naamini chama chetu kimekuwa laini kama ndizi iliyoiva sana. Ila ukali wetu ulitakiwa pale kwenye sanduku la kura. Pale ndipo tulipaswa kukaa chini wote, wanawake kwa wanaume, tusitoke mpaka kura ya mwisho isomwe. Mimi uchaguzi ujao nitavaa suruali ndani na mkanda wa ngozi juu ya kitenge. Waje wavute.

Nikampa Adela kahawa, kiganja kizima. Wakati anatafuna ndipo nikakumbuka kitu, nikaanza kucheka peke yangu.

Siku ya kuaga binti, baba mzazi humshukuru mama wa ubatizo kwa kitenge kipya. Na hampi mkononi. Anamfunga kiunoni kwa mikono yake, mbele ya wageni wote, na kumtaja kwa jina.

Kwa jina! Yule asiyenitambua!

Nikampigia Ma Justa kumwambia nitasimama na Adela. "Umetusaliti," akafoka. Nikamweleza habari ya kitenge. Nikasikia kicheko kinapanda. "Koleta! Basi na sisi tunakuja. Kumenya hatumenyi ng'o, lakini kuona tutaona."

Nami sitamenya hata ndizi moja. Nitasimama wima, nyonga zangu hizi pana, na yeye atainama. Nitamwambia kwa sauti ya kanisani, "Kaza vizuri, Ta Byabato. Kile cha kwanza kilifunguka."

Mkwe wangu nimemtumia ujumbe: Ijumaa uje, na usitazame ukuta.

Najua tumefundishwa kisasi tumwachie Mungu. Rozari ninayo hapa pajani tangu nianze kuandika, na vidole vimegoma kuisali. Ee Bwana, kama na hiki ni kisasi, Jumamosi asubuhi nitakuja kutubu, nipokee.

Ijumaa niache kwanza.