Mtoto Anakojolea kwa Chini, Bibi Yake Kaita Ngariba

Mpendwa Shangazi Hyasinta, shikamoo. Naomba msaada wako, ila kwanza salamu, sisi hapa Kariakoo wazima, ni roho yangu tu haitulii. Anakusalimu mume wangu Nurdin, kuli wa bandarini, ingawa hajui kama nakuandikia. Anakusalimu mama mkwe wangu Bi Mgeni, aliyetoka Masasi kuja kunitunza uzazi. Anakusalimu binti yangu Somoe wa darasa la pili, na jirani yangu Selina wa chumba cha pili, mwenye mimba changa, ambaye maji ya kunywa anachota kwetu kwa sababu bomba likikauka sisi tuna pipa. Na huyu mdogo wa wiki tano, ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Shangazi, nilijifungua salama, nikamwuliza mkunga ni nani, akamgeuza mtoto, akamgeuza tena, akasema, "Mama Somoe, ni mwanamume, lakini hebu tumngoje daktari." Sasa ni mwanamume, lakini nini? Daktari akaja akaniambia tundu la mkojo halipo kwenye ncha, lipo kwa chini katikati, na korodani moja haijashuka, na ile ngozi ya tohara imekaa juu tu kama kofia, akanipa karatasi tukamwone bingwa, nikatoka pale kichwa kinazunguka hata swali sikuuliza.

Nyumbani kila mtu na lake. Mama mkwe alipoiona ngozi alipiga kigelegele, "Katahiriwa na malaika!" halafu alipoona mkojo unamwagikia mapajani akageuza maneno, sasa anasema malaika wameanza, ngariba amalizie, nyama ikitoka mkojo utapata njia, na hospitali nisiende maana watamgeuza mwanamke. Ngariba ni ndugu yao, anakuja Jumapili. Selina anasema ni ule udongo niliokuwa natafuna. Nurdin juzi aliniuliza, "Kuruthumu, kwetu hakuna jambo kama hili, kwenu je?" nikalia tu, maana sijui.

Mimi nawaza labda ni kazi, maana napima dawa za wadudu dukani kwa mzee Jamnadas, na tangu biashara iachiwe huru zinaingia za kila aina, maandishi mengine hata yeye hayasomi, nachota unga kwa kikombe natia kwenye vipakiti, vya mende mbali, vya mahindi mbali, mimba yote nimefanya hiyo. Lakini mzee mwenyewe mchana huegemea magunia hayohayo akasinzia, na ana wajukuu wazima, na mimi nilijifunga kanga puani, na nikirudi nanawa mpaka viwiko kwa maji ya pipa. Pipa nalo la dukani, la bluu, zuri sana, mzee alinipa zawadi ya Idi mwaka juzi, lilikuwa na dawa ya wadudu ya maji, nikalisugua kwa majivu siku tatu mpaka harufu ikaisha, na ule mchoro wa fuvu nikaukwangua kwa kisu usiwatishe watoto. Kwa hiyo uchafu siyo, mimi msafi Shangazi.

Basi niambie, huyu ni nani, na nimekosea wapi, na nimkubali ngariba au nimkatalie mama mkwe nionekane jeuri? Majina yetu badilisha. Barua naileta mwenyewe ofisini kwenu Posta, nijibu upesi sana, Jumapili siyo mbali.

Mimi Kuruthumu, Mama Somoe

SHANGAZI HYASINTA ANAJIBU

Marahaba, Mama Somoe. Majina nimebadilisha, na mhariri amekubali barua yako iruke foleni.

Wembe usimguse huyo mtoto. Hilo kwanza, ili hata ukiitwa jikoni sasa hivi uwe umelipata. Nimempigia simu daktari anayepasua watoto, akasema, "Mwambie ile ngozi ni yangu." Ndicho kitambaa anachoshonea njia ya mkojo. Ngariba akikitupa, fundi atashona na nini? Bi Mgeni mwambie kwa adabu: tohara haijakataliwa, inamsubiri daktari, naye ataimaliza hapohapo. Hospitali hawamgeuzi mtu. Watampima, watajua korodani iko wapi, na kama mkunga alisema kweli watakuthibitishia wao. Mimi wa gazetini siwezi. Itoe ile karatasi ya bingwa, nenda kesho, na Nurdin mchukue.

Akikuuliza tena kuhusu kwenu, mwambie hivi. Mtoto akiwa anajengwa tumboni miezi ya mwanzo, damu hubeba vitu viitwavyo homoni, ni kama matarishi, wanapeleka amri: hapa jenga cha kiume, hapa cha kike. Dawa nyingine za wadudu humzuia tarishi njiani, nyingine hujifanya yeye. Wataalamu wameliona kwa wanyama, kwa watu bado wanachunguza. Kwa hiyo sisemi ndiyo iliyomfanya mwanao hivyo, maana wengine huzaliwa hivi bila sababu kujulikana. Lakini kumlaumu mama hakuna msingi, na udongo wa Selina sijausikia kwa daktari.

Sasa nikugombeze. Pipa umeliandika kwa kujisifu! Mama, lile fuvu halikuwekwa kutisha watoto, liliwekwa kukutisha wewe. Majivu yanaondoa harufu, sumu inabaki kwenye plastiki. Mwaga maji hayo leo, toboa kitako asije mwingine akaliokota, Somoe asinywe hata kikombe. Tafuta ndoo mpya. Mzee Jamnadas mwambie akuondoe kwenye vipakiti, na akikataa, kazi hiyo acha. Kunyonyesha endelea.

Ukishamwaga, usirudi chumbani. Gonga mlango wa pili umwambie Selina yote, hata kama utaona haya, maana naye anakunywa ya pipa hilohilo. Wa kwako, matarishi wameshamaliza kumjenga. Wa kwake ndiyo kwanza wanaanza.