Rupia za Kibati na Mawe Mekundu

Goma, Mabanga
Tarehe 15 Septemba 2025

Mpendwa kaka Mulumeoderhwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hali yako huko Kolwezi ikoje, na mke wako, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la barabara, lakini sauti ya kutugombeza bado anayo yote.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Unaijua nyumba yetu, ni ya mbao, na Akonkwa analala upande wa pili wa ukuta. Nikikupigia, mdogo wetu atasikia kila neno. Kwa hiyo naandika, kisha nitazipiga picha karatasi hizi nikutumie.

Ile mashine ya kutafuta vyuma uliyomtumia inafanya kazi, tena kupita kiasi. Ulitaka aokote vyuma chakavu auze, na ndivyo alivyoanza, kule Kibati, katika shamba la mama mmoja anayeitwa Nyirarukundo, aliyerudi mwaka huu kutoka kambi ya wakimbizi. Siku moja Akonkwa akaja na sarafu za fedha tupu, nyeusi kwa uzee. Mama yetu alizisugua kwa majivu hadi akatokea mzungu aliyevaa kofia yenye ndege juu yake. Akasema hizo ni rupia, pesa ya Wajerumani, bibi yake alikuwa akizitaja. Kaka, ni nzuri. Niliposhika moja sikutaka kuirudisha.

Tangu hapo Akonkwa hashikiki. Misa ameacha, chakula anakula amesimama. Anasema chungu kizima kimebaki chini. Mashine ikilia anapiga jembe, ikilia tena anapiga tena. Nilikuwa namcheka, namwita Bwana Mjerumani. Leo sicheki.

Sikiliza jinsi mambo yalivyokuwa. Mama Nyirarukundo aliporudi alikuta upande wa chini wa shamba lake umezungushiwa mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Alilia. Unajua desturi ya huku: mtu akikimbia vita, akirudi anakuta mawe ya rangi yamepangwa penye mali yake, na kuna bwana ana karatasi inayosema amekinunua kiwanja. Akonkwa akamhurumia. Akayang'oa mawe yote, na ili mwizi asiyarudishe, akayaleta hapa kwetu. Yule mama akambariki, akamruhusu achimbe popote. Mama yetu naye aliyapanga chini ya pipa la maji, na sote tulimsifu Akonkwa kwa moyo wake mwema.

Jana baada ya misa alikuja kutuamkia Donat, yule jirani yetu wa zamani wa Murara. Siku hizi anawabebea mizigo watu wanaotegua mabomu. Alienda kunawa mikono kwenye pipa, akasimama pale pale, maji yanamwagika.

"Mama, haya majiwe mulitosha wapi?"

"Ni Akonkwa aliyaleta. Ni ma-bornes, mawe ya mpaka ya wezi wa parcelle, wa viwanja."

"Hapana, mama. Haiko ya parcelle. Hii rangi inasema mutu asipite, chini kuko mabombe."

Akatueleza kwamba waliyaweka wao, wakati wenyeji wako kambini, wakisubiri siku ya kurudi kusafisha. Siku hiyo haijafika. Akasema pia kwamba mashine kama ile yako hulia vilevile kwa sarafu, kwa kopo na kwa bomu. Mama alikaa chini. Mimi nilikuwa nawaza lile jembe.

Lakini kaka, hata hilo silo linaloninyima pumzi. Akonkwa alikwisha kumhakikishia mama Nyirarukundo kwamba ardhi yake ni safi, kwa kuwa ameipitia kwa mashine. Na sasa mvua zimeanza. Yule mama analima kuelekea chini, apande maharage, na wanawe wanamfuata nyuma wakiokota magugu. Simu hana. Mimi shamba silijui, na Donat anasema yale mawe waliyapanga wenzake wengine waliokwisha kuondoka. Mahali yalipokuwa anapajua Akonkwa peke yake.

Nilimwomba jana aende akamwambie. Alijibu bila kunitazama: "Nilisha mwambia udongo iko propre. Nitaanzia wapi? Na nimechimba kote, kuko kitu gani kilinipata?" Akajifungia. Nilimkasirikia, kaka, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Wewe ni mkubwa wetu, na mashine ni yako. Anakuogopa wewe tu. Nilitaka umpigie umwamuru.

Hapo ndipo nilipoishia asubuhi, nikaenda sokoni. Nimerudi alasiri nikakuta mlango wake wazi. Mashine ameiacha kitandani, na rupia zote zimo kwenye kitambaa juu yake. Yale mawe hayapo chini ya pipa. Jirani anasema alimwona akiyapakia kwenye tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, akashika njia ya Kibati, peke yake, bila kuaga mtu.

Anakwenda kuyarudisha, kaka. Ili kulirudisha kila jiwe mahali pake itabidi apakanyage tena, na safari hii anajua anakanyaga nini. Nimemtuma Donat amfuate kwa pikipiki. Jua linashuka, na hakuna hata mmoja aliyerudi.

Sasa usimpigie kumgombeza. Mpigie tu, na mimi nitaendelea kumpigia; simu inaita, haichukuliwi.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu sana. Yuko kwa wanamaombi tangu mchana na hajaliona pipa lake, kwa hiyo ukiongea naye usimtaje Akonkwa kwanza. Mungu akulinde huko uliko, na atulindie yule aliye shambani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Léonie