Haworthia Ambayo Baba Yake Hajulikani

Mzee Barasa,

Miche yako imepona. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za wanao.

Haikupona kwa urahisi. Siku mbili kabla ya mazishi yako, shemeji yako Nekesa alisafisha boma lote. Alizikusanya haworthia zako zote, vile vimea vyako vya majani manene, akasugua makopo yake kama vikombe vya wageni, akang'oa vile vibandiko vya majina ya wazazi ulivyokata kwenye ndoo za mafuta ya kupikia, akavichoma na majani makavu. Nilifika kutoka Busia moto bado unawaka. Nikamuuliza kama anajua amefanya nini.

"Madam, watu wanatoka mpaka Matayos. Ulitaka waone takataka?"

Nilimjibu maneno yasiyofaa matangani. Nimeshamwomba msamaha. Nusu.

Wewe unajua kilichoungua. Majina ya wazazi wa trei mbili za miche. Mama ni mmoja: yule mwenye ncha angavu kama kioo. Baba wa trei moja alikuwa na majani ya kukwaruza. Baba wa nyingine ni yule wa mistari myeupe, uliyemngoja miaka kwa sababu alikataa kutoa maua wakati mmoja na mama. Siku walipokubaliana nilikuwa hapo Amagoro, kwenye veranda yako. Ulipasua ua jembamba kwa ukucha, ukachukua chavua kwa unywele mmoja wa burashi ya viatu, nami nahutubia juu ya ushuru wa mpakani, kama ninavyoandika gazetini.

"Mama Hoja, hapa si mkutano. Funga mdomo, unapuliza chavua!"

Nilifunga. Ni wewe tu uliyewahi kuniweza. Kisha mbegu zilipokaribia kukomaa, ukavisha kila tunda kipande cha mrija wa soda, lisije likapasuka na kutawanya kazi yako yote.

Sasa sikiliza. Nilibeba trei zote mbili nyumbani, miche midogo kama punje za mtama, na sikujua ipi ni ipi. Mingi imekua ya kawaida tu. Lakini mmoja, Mzee! Ncha zake zinapitisha mwanga, na ndani ya kile kioo kuna mistari myeupe, iliyonyooka. Ungeacha chai ipoe ukiutazama.

Wiki iliyopita alikuja mkusanyaji wa mimea kutoka Nairobi, akapiga magoti mbele ya mche huo, akataka kuununua. Akaniuliza wazazi. Nikamweleza yote, na kwamba hata mama ana mistari hafifu, huenda ndiye aliyeirithisha. Akacheka.

"Si uandike tu baba ni yule wa mistari! Nani atakuja kuuliza?"

Nitakuambia ukweli, kwa sababu wewe hunisomi gazetini. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilitaka sana kuandika. Nilitaka kungoja kwako kwa miaka kuwe kumezaa kitu chenye jina, na watu Nairobi walitaje. Mimi, niliyewatukana wangapi kwa kuandika kwa ujasiri wasichokijua! Nikakumbuka ulivyonikemea siku nilipokisia mzazi wa mche mmoja: "Kama hujui, andika hujui. Kibandiko si kampeni."

Nikamwambia yule bwana kwamba marehemu atauliza, na mimi na yeye hatujamaliza kubishana. Mche usio na baba hakuutaka; akaondoka mikono mitupu. Nekesa alikuwa amekuja kunitembelea, akasikia yote. Amenikatia kibandiko kipya, kwenye ndoo ile ile ya mafuta. Ile nusu ya msamaha nimemmalizia.

Nimeandika hivi: *Mama: wa kioo. Baba: hajulikani. Aliyechavusha: Barasa, Amagoro.* Hakuna neno hapo ambalo siwezi kulisimamia.

Mche umeanza kutoa kikonyo cha ua. Ua likifunguka nitalichavusha kwa chavua ya baba wa mistari, safari hii kila kopo likiwa na kibandiko, na nakala daftarini mwangu. Na nakuahidi, Mzee, asubuhi hiyo sitasema neno.

Pumzika. Lakini usinikubalie yote.

Wako,
Mama Hoja