Jina Nililopewa Kabla ya Mke Wangu Kunipa

Ijumaa, mjini Baraka. Mvua tangu asubuhi. Nimesonga bukari, imejaa mabonge, nimeila peke yangu.

Siku ya tano leo tangu mke wangu, Mama Riziki, aende Swima kwa mama yake na mutoto mgongoni. (Riziki si jina lake la kweli. Safari hii nimejifunza kidogo.) Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Sijui hata chumvi anaiweka wapi.

Nimemkosa sana.

Mwezi uliopita sisi wanaume wachache wa mtaa tulifundishwa na shirika moja kuishi vizuri na wake zetu, tukapewa jina: wanamabadiliko. Ee, lilinikaa vizuri! Nilichota maji bombani, bido kichwani, wenzangu wakaniuliza, "Baba Riziki, bibi alikulisha dawa?" Nikacheka tu. Nilijiona nimeshabadilika.

Kazi ya mwanamabadiliko ni kutoa ushuhuda. Unasimama mbele ya watu unasema ulivyokuwa zamani, ili wengine waige. Jumapili, baada ya ibada, nikasimama. Nilisema yote. Kwamba nilikuwa nampiga. Kwamba akiwa na mimba alilala jikoni kwa jirani kwa kuniogopa mimi. Watu wakapiga makofi.

Yeye alikuwa benchi ya tatu. Bamama wote wakageuka kumuangalia.

Nyumbani hakupiga kelele. Alikunja vitenge vyake, akasema, "Ile mambo mi nilificha hata kwa mama yangu. We umeianika inje kama samaki ya ndakala."

Niseme ukweli, nilikasirika. Nikasema huyu mwanamke hana shukrani, mume anajirekebisha yeye anafunga mizigo. Nilibaki na hasira hiyo mpaka juzi.

Leo, nikiwa na sufuria yangu ya mabonge, ndiyo nimeona. Kanisa zima limenisikia nikijuta. Yeye sijamwambia pole hata siku moja. Nilikimbilia kuwabadilisha wanaume wa mtaa, na hilo jina nikalivaa bila kumuuliza mtu pekee anayejua kama linanistahili.

Kesho asubuhi napanda pikipiki ya kwanza ya Swima. Siendi kushuhudia kitu. Naenda kuomba msamaha.

Na asiponifungulia mlango? Basi nitauomba huo msamaha nikiwa hapo nje, kwa sauti ndogo, majirani wasisikie.