Mume Wangu Amejaza Boti

Mpendwa Mshauri,

Pole na kazi ya kubeba shida za watu, na leo nakuongezea yangu, naomba msaada wako kabla mambo hayajaniharibikia kabisa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapahapa nyumbani, na mume wangu ni mkata tiketi kituo cha mabasi, kazi aliyoianza kabla hatujaoana, na ni mtu mwema, hanywi, hapigi kelele isipokuwa za kazini, watoto wanampenda na mimi nampenda, kwa hiyo usije ukadhani nimeichoka ndoa, tatizo langu ni viti.

Mshauri, huyu mwanamume hawezi kuona kiti kitupu akatulia. Kazini kwake basi haliondoki mpaka lijae, na tabia hiyo ameihamishia nyumbani, meza yetu ina viti sita na tukikaa wanne atatoka nje kutafuta wawili, na siku ya harusi yetu tulipofika nyumbani tulimkuta mdogo wake ameshatandika godoro sebuleni, akakaa miaka minne, alipoondoka wakaja wapwa, wakaja binamu, watoto wakazaliwa, na sisemi ni vibaya, nyumba yenye watu ina baraka zake, lakini tuna miaka ishirini na miwili ya ndoa na sikumbuki jioni hata moja niliyokula na mume wangu tukiwa wawili tu.

Mwaka huu kitinda mimba wetu ameenda chuo. Nikasema moyoni, haya, sasa ni zamu yetu. Kuna mteja wangu mmoja alikuja kuchukua sketi za wanawe akanionyesha kwenye simu visiwa alivyotembelea, huko mbali ambako joto halichomi na baridi haiumi, mchana unaoga baharini, jioni unajitupia sweta nyepesi, na kumbe unaweza kukodi boti ya tanga pamoja na nahodha wake mkazunguka siku tano, leo mnalala kwenye ghuba hii, kesho ile, kisiwa kimoja kina msitu wa misonobari mpaka ufukweni na kingine hakina mtu hata mmoja, ni ndege tu. Hicho kisiwa kisicho na mtu ndicho kilichoniteka. Akiba yangu ya kushona ikatosha, nikampigia wakala wa boti, dada mmoja mvumilivu sana, akanitumia picha za boti mbili, ndogo yenye chumba kimoja cha wageni na kubwa yenye vyumba vinne.

Nikamwambia mume wangu, nataka tukapumzike. Akafurahi mpaka akanibeba! Lakini alipoiona boti ndogo akacheka, akasema, "Hii si boti mke wangu, hii ni pikipiki. Chukua ile kubwa tunyooshe miguu." Nikasema sawa.

Kosa, Mshauri. Kesho yake tu kanijia chumbani kwa cherehani, kasimama mlangoni anakuna kichwa. "Sasa mke wangu, chombo kiondoke na vyumba vitatu vitupu? Watu watanionaje?" Jioni hiyo akawa ameshamwalika mama yake na mama yake mdogo, nikasema sawa, maana mama mkwe wangu hajawahi kunikosea hata siku moja. Halafu akamwalika yule mdogo wake wa godoro, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, pamoja na mkewe. Halafu kinyozi wake. Kinyozi, Mshauri! Amemwalika akiwa kwenye kiti ananyolewa, kwa sababu eti mtu aliyeshika wembe huwezi kumnyima. Asubuhi anapiga mswaki huku anatangaza, "Bado mmoja! Bado mmoja tunaondoka!"

Nikampigia wakala kuuliza kama maji yatatosha, akaniambia, "Dada, mkiwa wawili mtaoga kila siku. Mkiwa wanane mtaoga baharini, na maji ya kusuuzia nitamwomba nahodha awapimie kwa kikombe." Nikampelekea mume wangu habari hiyo nikidhani itamzindua. Yeye akachukua simu akamuuliza yule dada kama meza ya kulia chakula inakunjika, dada wa watu kwa ukweli wake akajibu ndiyo, ikikunjwa inakuwa kitanda cha watu wawili. Ungemwona uso wake! Tangu siku hiyo wimbo si bado mmoja tena, ni bado watatu. Chumba kimoja tu ndicho hakigawi, cha mbele chenye dirisha juu ya kitanda, hata mama yake alikiomba akakataa, anasema hicho cha mke wangu, bila hewa halali. Sasa nikalale chini ya dirisha nimsikilize Redio kupitia ukuta wa mbao?

Mama mkwe ameshanunua kofia pana ya jua, anaivaa akienda dukani, jana kanipigia, "Mwanangu, huko kwenye boti kuna msumari wa kutundikia kofia?" Nikakata simu nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Nitaanzaje kumwambia mama yule asije? Na wakala anataka majina ya abiria wote Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya hapo habadilishi kitu.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Mtoto alipoondoka kwenda chuo, jioni ileile mume wangu alimleta fundi bomba ale nasi, na hakuna bomba lililoharibika. Naogopa, Mshauri. Naogopa kwamba anajaza viti kwa sababu hajui akae na mimi vipi, kwamba tukibaki wawili pale kwenye kisiwa kisicho na mtu ataangalia bahari, nami nitaangalia bahari, na hatutakuwa na la kuambiana. Nifanye nini? Niende nao wote ninyamaze, au niahirishe safari nibaki na sare zangu?

Ni mimi,
Mke wa Mkata Tiketi

*

Mke wa Mkata Tiketi,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa ukurasa wa michezo kaja kuuliza kulikoni. Nikamsomea pale pa meza inayokunjika, naye akauliza kama nafasi bado zipo. Kwa hiyo jihadhari, nchi imejaa abiria.

Sasa nikae vizuri nikugombeze. Dada yangu, mumeo kaikataa boti ndogo, ukasema sawa. Kamleta mama na mama mdogo, ukasema sawa. Redio na kinyozi hata hukusema kitu, umekuja kunisemea mimi. Unajua mkata tiketi akiuliza "Kuna anayeshuka?" na basi zima likanyamaza, anafanya nini? Anagonga bodi, gari linakwenda. Ulimwambia unataka mkapumzike. Basi mwenzio kupumzika kwake ni kuwa na watu, kama wewe kupumzika kwako ni kuzima cherehani. Hakukudharau. Hukumwambia. Mdomo uliojaa pini hauombi kitu, zitoe kwanza.

Kuhusu hofu yako. Umeiweka mwisho kabisa wa barua, na maneno yake umeyaandika juu ya mengine uliyoyafuta, wino unaonekana. Pole, mpenzi. Hofu hiyo wanayo wengi ambao watoto wamewaondokea, na hawana wa kumwandikia. Lakini umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba mtu asiyeweza kuacha kiti kitupu amemnyima mama yake mzazi chumba kizuri kwa sababu anajua wewe bila hewa hulali. Umeipitia sentensi hiyo kama unapita dukani usiponunua. Rudi uisome. Mwanamume asiyejua kukaa na mkewe hajui mkewe analalaje. Na yule fundi bomba? Mimi nasema nyumba ilipokuwa kimya jioni ile, aliyeogopa zaidi si wewe. Huenda naye anawaza kwamba akibaki peke yake na wewe utagundua hana mazungumzo, utamchoka. Mmoja lazima aanze, na aliyeandika barua ni wewe.

Haya, kazi. Kesho asubuhi mpigie yule wakala urudi kwenye boti ndogo. Usibishane na mkata tiketi juu ya kujaza viti, hutashinda, ni riziki yake na ni damu yake. Mpunguzie viti. Boti ya wageni wawili ikipata wawili imejaa, naye roho yake itatulia. Lakini usiifanye kwa siri, ukimficha utakuwa umeanza safari na mzigo. Mwambie kwanza, umpigie simu wakala yeye akiwa amekaa hapo.

Waalikwa atawaambia yeye. Aliyekata tiketi ndiye anayerudisha nauli, ndivyo ilivyo hata kituoni kwake. Kinyozi asiambiwe wembe ukiwa shingoni. Kwa mama mkwe nendeni wote wawili, na hapo usijifiche nyuma ya mumeo. Mwambie ukweli mtupu: "Mama, namtaka mwanao siku tano." Yule mama naye alikuwa mke kabla hajawa mama mkwe, nakuhakikishia atakuelewa upesi kuliko unavyodhani, na huenda akakuazima kofia. Siku mnaporudi waje wote nyumbani kuwapokea, wajae wanavyotaka, Redio azungumze mpaka akauke koo.

Safari usiahirishe. Ukiahirisha mwaka huu, mwakani atakuwa amekuja mjukuu au mpangaji, na utashona sare mpaka macho yafe.

Na mkifika kule, siku ya kwanza mtaishiwa maneno. Nakuambia mapema usije ukashtuka. Mtasema juu ya upepo, juu ya samaki, juu ya watoto, halafu kimya. Mwache akae na kimya chake, wewe kaa na chako, mkae karibu. Siku ya pili mmoja wenu atasema jambo ambalo hajawahi kulisema, kwa sababu siku zote kulikuwa na mtu wa tatu anasubiri chumvi.

Jambo la mwisho, na hapa nakunyooshea kidole. Nakufahamu bila kukuona. Umepanga kuliacha gazeti hili mezani, limefunguliwa ukurasa huu, ili alikute akirudi kazini asome mwenyewe, wewe uko chumbani unakanyaga cherehani kama hujui kitu. Hapana. Gazeti lifungie nyanya. Haya ayasikie kwa mdomo wako, leo, kabla hajatoka nje kutafuta wa kula naye.