Mwambie Mtoto Asipige Chafya Kwanza

Kwako Mama Cheptoo, mke wangu huko Mulot,

Kaa kwanza kwa kiti. Umekaa? Mzee wako ni nyapara sasa! Huku Kericho nimepewa koti refu la mvua na fimbo, na wachumaji wa chai wananiita bwana. Ni bahati na Kiingereza changu tu. Haya, tumbo liko aje? Miguu bado inafura? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma kama siafu.

Hicho Kiingereza ni cha mambo yaliyo karibu. Wakubwa wa hapa hawasemi "bado". Wanasema "about to", ama "any time from now", yaani kitu kiko mlangoni kinavua viatu. Nilikipenda sana, ndiyo maana kila barua nilikuandikia, "I am about to come."

Sasa juzi watu waliuliza lori la majani liko wapi. Nikapanda juu ya jiwe nikatangaza, "The lorry is about to arrive!" Wote wakaacha kuchuma, wakamwaga vikapu kwa magunia, wakangoja. Kumbe lori limekwama kwa matope kule chini. Majani yakashika joto ndani ya gunia, yakawa mekundu, karani akayakataa. Mama Kemunto, Mkisii anayechuma mstari ulio karibu na wangu, akasema, "Baba Cheptoo, about to yako imenipikia chai kwa gunia!" Tukacheka. Halafu akaniuliza polepole, "Na bibi yako mwenye mimba, yeye umemwambia nini?"

Hapo nikakuona kwa mawazo ukitoka mtoni na hilo tumbo, ukigeuka kila gari likisimama.

Basi Kiingereza kimeisha. Nimeomba ruhusa, nimepewa, nafika Jumamosi. Najua wanaume hatuingii wakati akina mama wanamtajia mtoto majina ya wazee wetu, mpaka apige chafya kwa lile analotaka. Lakini hiyo chafya nataka kuisikia mwenyewe, nikiwa hapo nje kando ya ng'ombe. Akinitangulia, mwambie ashike pua kidogo.

Salimia mama yangu, aniwekee maziwa ya mursik kwa kibuyu. Salimia dada yako anayekusomea hii, asicheke. Cheptoo mwambie baba anamletea mkate.

Ni mimi wako,
Baba Cheptoo

Jumamosi ni ya kweli. Unyapara ni uongo. Bado nachuma, na koti la mvua sina.