Lebo Zilizobandikwa kwa Uji

Selestina! Leo sokoni Kirumba nimemwona Luhende, yule aliyekuwa msimamizi wetu kwenye kiwanda cha samaki. Eti ananipa shikamoo! Sikuitikia.

Mwaka 98 gundi iliisha, mdogo wetu Modesta akatumia uji wa muhogo kubandika lebo za tarehe ya kuvua samaki kwenye maboksi, kama tulivyobandika bahasha nyumbani. Kwenye chumba cha barafu zikabanduka zote. Bila lebo, Ulaya hawapokei sangara.

Luhende akampiga koleo la kuchotea barafu kichwani. Koleo, Selestina! "Mshenzi wewe, umenimaliza!" Akampiga tena.

Modesta chini, damu imerukia maboksi. Tukapiga yowe, "Leteni gari, anakufa!"

Akasema, "Futeni maboksi kwanza."

Tukafuta. Alipokata roho mimi nilikuwa na tambara mkononi.